Muulize Mwalimu: Ilikuwa haki kutukataza mazoezi ya nje?

SWALI: Salaam, Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Jinja. Binti yangu yuko S.3, yaani kidato cha tatu, na shule yao imewapa mdahalo wa Kiswahili. Mada yenyewe ni kwamba serikali ilikosea kukataza mazoezi ya nje wakati wa korona, naye amepangwa upande wa kupinga. Aliponiomba msaada nilimwambia ninavyoamini, kwamba serikali ilikosea kweli. Shemeji yangu, ambaye wakati ule alikuwa kwenye ulinzi wa mtaa, akanirukia. Akasema wale wakimbiaji ndio waliotaka kutuua, na bila amri ile tungezikana. Nikamkumbusha mama yangu, mgonjwa wa sukari aliyeambiwa na daktari atembee kila siku, akakaa chumbani wiki baada ya wiki mpaka miguu ikavimba. Maneno yakawa makali, chakula kikapoa mezani. Sasa hatusemezani, na mtoto bado hana hotuba. Nani ana haki?
Baba wa binti mmoja, Jinja

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na mambo yalivyofuatana, kwa sababu wewe na shemeji yako mnagombana kana kwamba yote yalitokea siku moja.

Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Uganda alithibitishwa tarehe 21 Machi 2020, msafiri aliyetua Entebbe akitoka Dubai. Tarehe 25 teksi na boda zikazuiwa kubeba abiria. Tarehe 30 Rais Museveni akafunga nchi: magari ya binafsi yakae nyumbani, kafyu ianze saa 1 usiku hadi saa 12 na nusu asubuhi. Katika amri hizo za mwanzo mazoezi hayakuguswa. Barabara zikawa nyeupe, na watu wa Kampala, waliozoea kukabwa na teksi na moshi, wakaona nafasi ambayo hawakuwahi kuipata. Wakatoka. Northern Bypass, barabara kuu inayozunguka mji kwa kaskazini, ikajaa wakimbiaji, makundi kwa makundi, wengine bega kwa bega, picha zao zikazagaa kwenye simu. Tarehe 8 Aprili Rais akapiga marufuku mazoezi ya hadharani, akasema kila mtu afanyie ndani. Hazikupita siku nyingi ikatoka video yake mwenyewe ofisini, pekupeku juu ya kapeti jekundu, akikimbia kutoka upande huu hadi ule, kisha akapiga pushapu 30.

Shemeji yako ana hoja, na binti akiidharau ataaibika jukwaani. Tarehe ile wagonjwa waliothibitishwa nchini walikuwa 50 na kitu tu, na hatukuwa tumetangaza kifo hata kimoja. Cha kwanza kilikuja Julai. Lakini tulikuwa tumeona Italia, nchi yenye hospitali kutushinda mbali, ikizidiwa na maiti. Vitanda vya wagonjwa mahututi kwetu vilikuwa vya kuhesabu. Kirusi kilikuwa kigeni, na waliopaswa kuamua hawakuwa na muda wa kusubiri utafiti. Halafu kuna jambo ambalo mtu asiyewahi kusimama barabarani halioni. Askari mmoja, wakimbiaji mia, kila mmoja anaapa kwamba yuko peke yake na hao wengine wamemkuta tu njiani. Unaamuaje? Amri ya "asikimbie mtu" inaeleweka na kila mtu. Amri ya "kimbieni lakini msikaribiane" inataka hakimu kila kona.

Mimi nimekulia laini za polisi Nsambya, katika zile nyumba za bati tulizoziita mama-ingia-pole. Najua amri inavyomfikia askari wa chini. Haimfikii na maelezo yake. Inamfikia neno moja, nalo analitekeleza kwa alichonacho mkononi. Ndiyo maana watu walichapwa. Hilo mwambie shemeji yako bila kumumunya: hata amri iwe sahihi kiasi gani, haimruhusu mtu kumpiga fimbo mama wa watu eti kwa sababu amevaa raba.

Sasa hebu tuingie hiyo "ndani" yenyewe, maana huko ndiko kesi ilipo.

Nilifundisha michezo shule za sekondari hapa Kampala mpaka nikastaafu, na majirani zangu wengi wanapanga muzigo. Ni chumba kimoja, pazia katikati. Upande wa nyuma kitanda, na chini ya kitanda masanduku, masufuria, viatu vya familia nzima. Upande wa mbele kochi la watu wawili, jerikani mbili za maji, sigiri inayoingizwa ndani mvua ikinyesha, na mkeka ambao usiku ndio kitanda cha watoto. Shule zimefungwa, kwa hiyo watoto wako humo kutwa. Baba hana kazi, naye yumo. Mtu mzima akilala chini apige pushapu, kichwa kinafika mlangoni na miguu inagonga masufuria. Akiruka kamba, jirani wa ukuta wa pili anagonga. Na hewa ni ileile inayovutwa na watu sita, dirisha moja dogo, lenye pazia kwa sababu ya mbu na wezi.

Video ya Rais mimi sikuichukia, na sipendi binti aikejeli. Mzee wa miaka 75 kupiga pushapu 30 ni jambo la kutia moyo. Katika kikundi chetu cha akina mama wazee yupo mmoja aliyeanza siku zile kusukuma ukuta kila asubuhi, na mpaka leo hajaacha. Ila chumba kile kilikuwa na urefu wa kukimbilia. Ukisema "fanyeni ndani" lazima kwanza ujue ndani mwa watu pakoje, na nchi yetu ilijua. Hakuna kiongozi wa Kampala ambaye hajawahi kupiga hodi kwenye muzigo akiomba kura.

Nina jirani, mgonjwa wa presha, aliyejitafutia njia. Masoko ya chakula yalikuwa wazi, na mtu aliyeshika kikapu hakuulizwa kitu. Basi asubuhi alivaa gomesi yake, akachukua kikapu kitupu, akapanda kilima hadi sokoni, akazunguka, akarudi na vitunguu viwili. Angevaa traksuti angerudishwa, au angepata zaidi ya kurudishwa. Lakini tazama kilichotokea hapo. Ili mgonjwa apate kutembea kwenye njia isiyo na watu, ilimbidi apite mahali penye watu wengi kuliko pote mtaani. Wauzaji wa masoko wakati huo walikuwa wameagizwa walale hukohuko wasirudi nyumbani. Nakasero walitandika chini ya vyandarua katikati ya meza za nyanya. Watu wenye kazi za lazima, hata wauguzi, walitembea kilomita nyingi kwa miguu kwa kukosa teksi. Miguu ilikuwa barabarani kila siku. Iliyokatazwa ni ile iliyotembea kwa ajili ya afya.

Elimu iliyokuja baadaye imeongeza uzito upande wako. Kirusi hiki kinaenea zaidi ndani ya vyumba visivyopitisha hewa kuliko nje. Wenye sukari, presha na unene ndio waliozidiwa zaidi walipoambukizwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwongozo huo lilitoa upya Novemba 2020, korona ikiwa ingalipo. Mama yako hakukosa starehe. Alikosa sehemu ya dawa yake.

Na ugomvi huu haukuwa wetu peke yetu. Uingereza iliruhusu mazoezi mara moja kwa siku tangu Machi, watu wakagombana kuhusu nani kakaa kwenye nyasi na nani kapita. Ufaransa ilimpa mtu saa moja, kilomita moja kutoka kwake. Tarehe 8 Aprili, siku ileile tuliyokatazwa sisi, Paris nayo ilianza kuzuia kukimbia kati ya saa 4 asubuhi na saa 1 jioni. Afrika Kusini ilikataza kabisa kwa wiki kadhaa, kisha tarehe 1 Mei ikafungua kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, umbali wa kilomita 5. Asubuhi ya kwanza njia ya ufukweni ya Sea Point, Cape Town, ilifurika. Haikushangaza. Ukiwapa watu wote mlango mmoja wa muda wa saa tatu, watakutana mlangoni. Hapo binti yako asome vizuri: tatizo la umati mara nyingine linatengenezwa na sheria yenyewe.

Ukitaka hukumu yangu, hii hapa. Umati wa Northern Bypass ulistahili kutawanywa, na waliokimbia bega kwa bega siku zile walitukosea sisi wengine, kwa sababu wao ndio waliompa mwenye amri picha aliyoihitaji. Lakini kilichopigwa marufuku hakikuwa umati. Mama yako akitembea peke yake hadi kwenye mwembe na kurudi aliwekwa kapu moja na kundi la watu hamsini. Ilitosha kusema: toka peke yako au na mtu wa nyumbani kwako, usivuke mtaa wako, saa yoyote ya mchana. Msimamizi angekuwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, siyo mtu mwenye fimbo asiyemjua yeyote. Usiambiwe haingewezekana. Mwezi uleule wa Aprili, Kampala na Wakiso, chakula cha msaada kilipita mlango kwa mlango, kilo 6 za unga wa posho na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu, na LC ndio walioonyesha nani anaishi wapi. Anayejua nyumba ina vinywa vingapi anajua pia nani humo anaumwa sukari.

Kuhusu mdahalo, binti yuko upande wa kupinga na lazima asimame huko kwa heshima. Asiwatukane wakimbiaji. Aanze na tarehe: walichojua watu Aprili 2020, siyo tunachokijua leo. Kisha ashike suala la utekelezaji, maana hapo ndipo upande wake una nguvu. Wakimletea habari za chumba kimoja asikatae, kwa kuwa wasikilizaji nusu wanaishi humo. Akubali, halafu awaulize wao wangewatenganishaje wakimbiaji mia kwa askari mmoja. Ushahidi wa hilo anao nyumbani. Mpigie shemeji yako wewe mwenyewe, usingoje akuanze, umwombe aje amsimulie binti jinsi ilivyokuwa kusimama pale barabarani. Watoto wa upande wa pili hawana shahidi kama huyo. Na akishasimulia yeye, bibi naye asimulie.

Miguu ya mama ikiwa bado inavimba, mpeleke kliniki wiki hii, usisubiri. Mgonjwa wa sukari akaguliwe nyayo kila jioni, hasa katikati ya vidole. Akiruhusiwa na daktari, aanze kutembea kidogokidogo akiwa na viatu vilivyofungwa mbele, siyo ndala.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kapchorwa, nakimbia mita 5,000. Mwaka 2020 nilikuwa darasa la saba. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunakimbia alasiri kwenye vijia vya shambani, kati ya migomba na kahawa, hatukutani na mtu isipokuwa ng'ombe. Kocha wetu wa sasa alipolijua hilo alisema mbele ya wenzangu kwamba tulikuwa wahalifu na mwanariadha wa kweli hutii. Wenzangu wengine wanasema tulifanya vyema, la sivyo tusingekuwa hapa. Mimi moyo unaniuma. Tulikosea?
Mkimbiaji, Kapchorwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Amri mliivunja, hilo halina ubishi. Ilikuwa ya nchi nzima, na Kapchorwa haikuachwa nje. Lakini wewe na kaka yako mlikuwa mnalala nyumba moja na kula sahani moja. Hewa mliyovuta shambani ilikuwa salama kuliko ya nyumbani kwenu. Hamkumdhuru mtu, na jina la mhalifu ni zito mno kwa mtoto wa darasa la saba.

Mimi naona hapa ndipo amri ile ilipopungukiwa zaidi, kuliko hata mjini. Ilitungwa kwa kutazama barabara za Kampala, ikapelekwa mpaka huko kwenu mlima Elgon, ambako mtu anaweza kukimbia saa nzima asimwone mwenzake. Wilaya ina RDC, mwakilishi wa Rais. RDC huyohuyo ndiye aliyepewa kazi ya kuandika vibali vya kupeleka wagonjwa hospitali kwa gari. Angeweza kupewa na hii ya kupima njia zipi zina watu na zipi hazina.

Tarehe 14 Agosti mwaka uleule, mtoto wa huko kwenu, Joshua Cheptegei, alikimbia mita 5,000 pale Monaco kwa 12:35.36, akaivunja rekodi ya Kenenisa Bekele iliyodumu tangu 2004. Uwanja wa ndege wa Entebbe ulikuwa haujafunguliwa kwa abiria wa kawaida, ulifunguliwa Oktoba. Nchi ilishangilia, nami nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Lakini mwanariadha wa kiwango chake hupangiwa safari na huombewa vibali. Mtoto wa darasa la saba anayetaka kuwa kama yeye hana wa kumwombea. Anakuwa na kijia cha shambani na kaka yake, basi.

Kocha wako usibishane naye mbele ya wenzako. Mfuate mazoezi yakiisha, umwambie kwa adabu kwamba lile neno lilikuumiza. Makocha wengi wakiambiwa hivyo ana kwa ana hulegea. Na hao wanaosema msingekuwa hapa bila kukimbia kwa siri, wanatia chumvi. Miezi michache ya kupumzika haimwibii kipaji mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nimefundisha wasichana waliokosa muhula mzima kwa ugonjwa wakarudi kushinda mbio za wilaya.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa Mubende. Ebola ilipotufungia nilizoea kutoka alfajiri, peke yangu, kutembea hadi barabara kuu na kurudi. Majirani walinisema kwamba nitawaletea Ebola, wakaniripoti kwa mwenyekiti. Mpaka leo kuna wasionisalimia. Nawaambia Ebola siyo korona lakini hawanisikii. Unasemaje?
Mama wa Mubende

JIBU: Dada yangu, pole sana. Kuhusu ugonjwa uko sahihi. Ebola ile ya aina ya Sudan, iliyotangazwa tarehe 20 Septemba 2022, haienei kwa mtu kupita barabarani. Inaenea kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mtu ambaye tayari anaumwa au amekufa nayo, ndiyo maana hofu kubwa ilikuwa kwenye kuuguza na kuosha maiti. Mtu mzima wa afya akitembea peke yake hamwachii mwingine kitu. Usiwakasirikie sana majirani, hata hivyo. Mubende na Kassanda ndiko kulikokuwa kitovu, watu 142 walithibitishwa kuugua na 55 kati yao wakafa kabla ya kutangazwa mwisho wake tarehe 11 Januari 2023. Aliyezika ndugu bila kumwosha anaogopa kila kinachotembea.

Lakini lipo jambo moja ambalo wana haki nalo. Nyinyi mlifungiwa kuanzia tarehe 15 Oktoba, kafyu ikiwa saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ukisema alfajiri, nadhani ulitoka kabla ya saa 12, na hiyo ilikuwa ndani ya kafyu, ugonjwa uwe unaenea kwa njia gani. Mwenyekiti alipopelekewa malalamiko hakuwa na la kufanya ila kukuita. Yaseme yote mawili kwa majirani, kwamba saa ulikosea na Ebola hukuwabebea. Anza na yule jirani mwenye ushawishi kwa wenzake, siyo yule mkali. Na ikitokea tukafungiwa tena, toka jua likiwa limechomoza na kila mtu anakuona uko peke yako.